Mnyama Yuko Wapi?

"Mnyama yuko wapi?" Ndilo swali la kwanza la wateja wakiuona mchoro uliotundikwa kwenye banda langu la fremu hapa Pasiansi, Mwanza, kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Ni msitu wa Rubondo, kwa penseli tupu. Tembo hayumo, sokwe hayumo, hata ndege. Ni miti, kijia, na maji kwa mbali.

Siwalaumu. Mtaa wetu una Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori, iliyoanzishwa 1966. Kwetu pori ni wanyama. Na tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kupaka rangi kwenye hadibodi kule Dar es Salaam, twiga na chui wamejaa kwenye picha zetu mpaka pembeni. Nazipenda, na zimenilisha. Ila zimetuzoesha kuuona msitu kama pazia tu nyuma ya mnyama.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na wengi huitaja kwa ajili ya sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya, wakaachiwa wajitafutie. Walijitafutia kwa nani kama si kwa miti hiyo?

Hebu rudi hatua mbili uutazame mchoro. Miti ya mbele imekolezwa kwa penseli laini, mipasuko ya magome unaiona, miti inayofuata imefifia, ya mwisho ni kijivu tu. Mwanga ulioangukia kijia haukuchorwa kabisa, ni karatasi iliyoachwa ilivyo. Karibia kioo uone kifutio kilipopita juu ya majani, taratibu, kurudisha weupe kidogo. Nimeuwekea mninga mwembamba usio na rangi, maana fremu ya dhahabu ingeupigia kelele.

Kinachoniudhi ni ofisi na nyumba za wageni za Mwanza kununua mabango ya misonobari na theluji. Mtu yupo kwenye foleni akisubiri muhuri, anapumzisha macho kwenye msitu asioujua hata jina, na Rubondo imo ndani ya Ziwa Victoria, ziwa letu hili hili. Wachoraji wapo, na bei zao zinazungumzika.

Juzi mteja alikubali kuuchukua mchoro, mradi aongezewe japo swala mmoja kwenye kona. Kijana aliyeuchora akakataa. Nikamuunga mkono, ingawa kodi ya banda inanidai. Kwa hiyo bado upo, na fremu imo kwenye bei.