Sabuni ya Bitiruti Haikai Pinki, na Mimi Nilijua

Wasee, leo nakuja na maungamo, kwa hivyo keti kidogo.

Mwaka jana niliuza sabuni ya kuogea yenye lebo iliyosema "rangi ya bitiruti, asilia kabisa". Ilikuwa pinki ile ya kung'aa, ile ukiweka kando ya taulo nyeupe na ukipiga picha, watu wanauliza bei kabla hata hujamaliza kuandika maelezo. Kipande kimoja shilingi 250. Vipande 14 viliisha kwa siku mbili. Nilijiona nimeomoka.

Shida ilikuwa moja tu. Ndani ya hiyo sabuni hakukuwa na bitiruti hata tone.

Kabla hujanitoa kwenye simu yako, wacha nikueleze vile nilifika hapo, juu nina hakika si mimi pekee yangu. Na leo nataka tuongee kuhusu hili neno "asili" ambalo tumelibandika kila mahali, kutoka kwa mafuta ya nywele hadi sabuni, na hatuulizani linamaanisha nini.

Anza na kitu unakijua. Unakumbuka shati jeupe la shule likimwagikiwa mchuzi wenye manjano? Unaenda kwa karo mbio, unapaka sabuni, halafu doa linageuka jekundu kama damu. Unashtuka, unadhani umeharibu shati. Mathe anakuambia suuza, anika juani. Jioni doa limefifia, baada ya siku chache halionekani.

Hiyo ndiyo kemia yote ya leo. Sabuni ni alkali, yaani iko upande wa pili wa ndimu na siki. Hata sabuni iliyokomaa vizuri huwa na pH ya kama 9 hadi 10. Rangi nyingi za mimea hazivumilii huko. Manjano hugeuka kuelekea nyekundu ikikutana na alkali, na jua nalo huivunjavunja hadi ipotee. Doa kwenye shati lilikuwa linakufunza sabuni bila wewe kujua.

Sasa fikiria rosela. Juisi yake ni nyekundu tamu ya kupendeza kwa sababu ni chachu, ni ya asidi. Weka hiyo rangi ndani ya sabuni uone. Inaenda kijivu, au kijani cha ajabu, kisha kahawia. Mimi nilijaribu rosela kwanza, nikapata kitu cha rangi ya maji ya mtaro. Nikasema sawa, labda bitiruti.

Nikanunua bitiruti Marikiti, nikazichemsha, nikachuja, maji yakatoka mekundu hadi vidole vikabaki hivyo siku nzima. Nikayaacha yapoe kabisa. Nikaseti simu nirekodi video, nikavaa glavu na miwani, nikaanza kuongeza kostiki soda kidogo kidogo kwenye yale maji. Manze. Mbele ya macho yangu wekundu uliondoka. Ukaenda njano, halafu kahawia. Si polepole, ni papo hapo. Nilikuwa bado naongea na kamera nikisema "angalieni vile itatoka", na ikatoka hivyo.

Ile video niliifuta. Hapo ndipo uwongo wangu ulianza, hata kabla ya ile rangi.

Kwa sababu kile nilifanya baadaye ni kuingia mjini, kwenye duka la kemikali, yale maduka watu hununua vitu vya kutengeneza sabuni ya maji ya kuuza mtaani. Nikaomba pinki. Nikapewa pakiti ndogo ya unga. Haikuwa na jina, wala viungo, wala tarehe. Muuzaji akaniambia ni rangi ya sabuni na kwamba kidogo tu inatosha. Hakunidanganya. Alisema sabuni, na mimi sikuuliza kama ni ya kuosha vyombo au ya kupaka mwili. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujua.

Wiki kadhaa baadaye, sabuni ikiwa imeshauzwa, nikapata ujumbe kutoka kwa mteja mmoja. "Mrembo, mtoto wangu ana miezi saba na ngozi yake inawasha na kila sabuni. Juu hii yako ni ya asili, naweza muogesha nayo?"

Nilianza kuandika, "Ndiyo mama, haina kemikali yo..." Kidole kikasimama.

Nikampigia simu. Nikamwambia ukweli wote, kwamba rangi ile siijui ni nini na asimguse mtoto nayo, na hiyo ngozi amwonyeshe daktari. Nilitarajia matusi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Asante kwa kuniambia. Lakini hiyo lebo, ulikuwa unamwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudisha pesa za vipande vyote 14, jumla shilingi 3,500. Wateja wawili hawajawahi kunijibu tena, na siwalaumu.

Sasa msimamo wangu ni huu, na najua wengine wenu hamtaupenda: ukiandika "rangi ya asili" kwenye sabuni uliyotia rangi ya dukani, huo ni wizi. Haijalishi kama sabuni ni nzuri. Haijalishi kama hakuna mtu amewashwa. Mtu alilipa 250 badala ya 80 kwa sababu ya neno moja, na hilo neno hukuwa nalo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kile anachonunua. Haisemi haki hiyo ni ya supamaketi pekee. Hata wewe unayeuza kwa WhatsApp ukiwa kwa keja, inakuhusu.

Najua mtaniambia nini. Kwanza, "Kila mtu anafanya hivyo." Kweli, wengi wanafanya, na ndiyo maana yule anayetengeneza sabuni ya kweli ya kahawia anaonekana ni kama hajui kazi. Tunamuua mtu mwaminifu sokoni kwa pinki yetu ya pakiti.

Pili, "Wateja wanataka rangi ya kung'aa." Ni kweli pia. Hapa wanunuzi nanyi mna sehemu yenu. Tunataka vitu viwili ambavyo havikai pamoja: tunataka sabuni ya mimea tupu, halafu tunataka ing'ae kama peremende. Muuzaji mdogo mwenye deni la kodi ya nyumba atachagua kukupa kile jicho lako linataka, na lebo itafuata.

Tatu, na hii ndiyo naipenda zaidi, kuna wale wanasema rangi yoyote ya maabara ni sumu na chochote cha asili ni salama. Hapo tupunguze kidogo. Zebaki ni ya asili, imetoka ardhini, na ndiyo hiyo ilikuwa ikiwekwa kwenye sabuni na krimu za kung'arisha ngozi na kuumiza figo za watu. Risasi ni ya asili. Kule Bangladesh, watafiti walieleza mwaka 2019 jinsi manjano ilivyokuwa ikichanganywa na unga wa njano wenye risasi ili ionekane nzuri zaidi. Hayo yalikuwa "manjano ya asili" sokoni. Upande wa pili, zile rangi za kutu ya chuma zinazotumika kwenye vipodozi siku hizi hutengenezwa maabara makusudi, kwa sababu zile za kuchimbwa zinaweza kuja na risasi na aseniki. Kwa hivyo ukitumia rangi ya maabara iliyopimwa kwa ajili ya ngozi na ukaiandika kwenye lebo, mimi sina neno na wewe. Uza. Ugomvi wangu ni na pakiti isiyo na jina, na lebo inayosema kingine.

Na tukiwa hapo, hakuna kitu kinaitwa sabuni ya mche bila kostiki. Mafuta na kostiki soda vikikutana kwa kipimo sahihi ndiyo sabuni inazaliwa, na kostiki yenyewe inaisha humo. Ukinunua ile ya kuyeyusha na kumimina tu, kuna mtu alishaiweka kwa niaba yako. Anayekuambia yake "haina kemikali kabisa" ama hajui anachofanya, ama anajua vizuri sana.

Habari njema ni kwamba rangi za asili zinazokaa zipo, na nyingine ziko hapa kwetu. Nimejaribu kadhaa tangu aibu yangu.

Ninayoipenda zaidi ni bixa. Wakulima wa Kwale wanaikuza, na ndiyo hiyo mbegu nyekundu inayotumika kupaka rangi siagi na jibini. Rangi yake inayeyuka kwenye mafuta. Unaloweka mbegu kwenye mafuta ya kupikia, unapasha moto taratibu au unaacha kwenye chupa wiki kadhaa, unachuja. Mafuta kidogo yanakupa njano ya siagi, mengi yanakupa machungwa ya kweli. Hakuna pakiti.

Mkaa uliosagwa laini kabisa hauogopi alkali. Unakupa kijivu hadi nyeusi, lakini ukizidisha povu linachafua taulo. Kahawa inakupa kahawia, na hiyo ilikuwa kahawia tangu mwanzo kwa hivyo haina cha kukuficha. Udongo laini wa vipodozi, ule uliosafishwa, unakupa pinki iliyopauka au wekundu wa matofali. Tafadhali usichimbe udongo kando ya barabara ya Rongai ukasema ni wa asili. Hujui kuna nini humo.

Manjano inafanya kazi pia. Inaanza na wekundu inatulia kuwa rangi ya dhahabu, ila usiweke sabuni dirishani, jua litaila kama lile doa la shati. Mlonge, mwarobaini na hina vinakupa kijani, lakini si kijani cha majani mabichi. Ni kijani cha suruali ya askari, na mlonge na mwarobaini vinaendelea kuelekea kahawia kadiri miezi inavyopita. Hiyo si kuharibika. Ndivyo mmea unavyozeeka.

Kwa kipimo, anza na kijiko kimoja cha chai cha unga kwa kila nusu kilo ya mafuta, uone. Na kama unaanza leo, tafadhali: kostiki inaingia kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Na usitumie zile sufuria zetu za alumini. Kostiki inazila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito, fungua madirisha, na watoto wakae mbali. Halafu iache sabuni ikauke wiki nne hadi sita. Najua unataka pesa kesho. Iache.

Kwako mnunuzi, nina maswali matatu tu. Rangi hii inatoka wapi hasa? Ilikuwaje ulipoitengeneza, na sasa imebadilika vipi? Naweza kuona picha ya sabuni ile ile baada ya miezi mitatu? Mtu aliyeitengeneza kweli atakuambia hadithi ndefu hadi uchoke, atakuonyesha zilizoharibika, atalalamika kuhusu rosela. Aliyetumia pakiti atakuambia "ni ya asili, usijali". Na ukiona sabuni iliyotengenezwa kwa kostiki inaitwa ya bitiruti, na miezi miwili baadaye bado ina pinki ya midomo ya kwenye video, uliza kwa heshima, lakini uliza.

Mimi bado nauza. Siku hizi lebo yangu ina orodha ya kila kitu, hata kostiki nimeiandika kwa herufi zile zile za mafuta ya nazi. Sabuni yangu ya mwarobaini ina rangi ambayo binamu yangu anaiita "ya kinyesi cha ng'ombe". Nilimwambia asante, hiyo ndiyo rangi yake. Inaisha kwa wiki tatu badala ya siku mbili. Kuna mwezi ilinibidi nikope pesa ya kununua mafuta, sitakudanganya kwamba ukweli unalipa haraka.

Lakini yule mama alirudi mwezi uliopita. Ngozi ya mtoto aliipeleka kliniki, akaambiwa atumie kitu kisicho na rangi wala manukato. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea ya kwake mwenyewe, mafuta na kostiki tu, bila chochote. Nilitengeneza vipande vinne. Vilitoka vyeupe kama chaki. Kwenye lebo nikaandika viungo vitatu na tarehe, halafu nikakaa nayo muda mrefu kidogo nikiangalia kama kuna neno ambalo si kweli.

Jumamosi nachemsha mafuta ya bixa, na nitarekodi kila kitu, hata ikiharibika. Ukiwa na mbegu shambani kwenu huko Pwani, nitafute, nanunua. Na kama wewe ni muuzaji na una ile pakiti isiyo na jina kwenye kabati, sitakuita mwizi mbele za watu. Najua jinsi inavyonunuliwa. Badilisha tu lebo kwanza. Rangi tutaitafuta pamoja.