Kiu Inapopanda Kama Wimbi

Mwezi huu sikupi mbinu za kumfurahisha mwenzio. Mwezi huu ni zamu yangu kuungama.

Kazi yangu ipo Bunda, familia ipo Musoma. Zile "bia mbili za njiani" za Ijumaa zilikuwa zinaisha saa sita usiku, na simu za mama watoto sipokei. Siku tuliyokwenda msibani ukweni, Butiama, nilishuka kwenye gari nikiyumba. Mbele ya baba mkwe! Mke wangu hakugomba. Alisema tu, "Mume wangu, safari nyingine nitakuja peke yangu." Afadhali angenitukana.

Nilianzia hospitali, na wewe unayekunywa kila siku anzia huko, maana kukata pombe ghafla kunaweza kukuletea degedege. Mshauri niliyemkuta ndiye aliyenitajia Buddha. Jamani, mimi Mkatoliki! Akacheka, akasema hakuna anayenibadilisha dini. Buddha alifundisha kwamba mateso yetu yanatokana na tamaa, na neno alilotumia, tanha, maana yake hasa ni kiu. Nikasema moyoni, huyu mzee ananijua.

Profesa Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliyefariki mwaka 2011, alichukua tafakuri ya Kibudha akaiingiza kwenye tiba ya ulevi. Hamu, alisema, ni wimbi: linapanda, linafika juu, linashuka lenyewe. Usipigane nalo, wala usilifuate baa. Tulia juu yake, ukitazama pumzi zako. Jaribio la watu 286 lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofundishwa hivyo walikuwa wamepunguza ulevi wa kupindukia na siku za kutumia dawa kuliko wenzao wa tiba nyingine.

Mtu wa Musoma haelezwi wimbi ni nini. Nakaa ufukweni Mwigobero, nafumba macho, naitafuta hamu ilipo: kooni, kwenye taya, mikononi. Mara ya kwanza niliona upuuzi mtupu. Lakini kabla jua halijazama ilikuwa imepungua.

Wiki ya sita niliteleza. Bunda palepale, chupa nne. Zamani ningesema gari limeharibika njiani. Safari hii nilimpigia simu kabla sijapanda basi. Alinyamaza weee, halafu akasema, "Njoo, chakula kipo."

Jumamosi iliyopita tulikwenda Butiama wote wawili. Basi likasimama Makutano. Mishikaki, muziki, bia za baridi, koo likakauka papo hapo. Mama watoto alinitazama mikono, hakusema neno. Nikahesabu pumzi mpaka dereva akapiga honi.

Baba mkwe alipokea salamu yangu bila kuniangalia. Jioni ndipo nilipomsikia akimtuma mtoto aniletee kiti.