Jicho likibanduliwa utando, tusihukumu kabla ya miezi

Nipo Fordsburg, Johannesburg, kwa mwanangu, tangu nilipobanduliwa utando katika jicho la kulia. Siku ya kumi simu zikaanza, Muscat na Dubai: "Babu, waona?" Nikasema mistari ya daftari bado imepinda. Basi, hukumu ikatoka hapo hapo: operesheni imeharibika.

Jamani, tuache haraka hii. Namjua mzee mwenzangu aliyeacha kurudi kwa daktari kwa maneno kama hayo.

Utando huo huota juu ya retina, pale nyuma ya jicho panapopokea picha. Aghlabu ni umri tu. Mara nyingine kisukari au jeraha. Ukikaza, huikunja retina na kuvuta mishipa midogo ya damu. Daktari hutoa kwanza ute wa ndani ya jicho, njia aliyoianzisha Robert Machemer huko Miami miaka ya 1970, kisha huubandua utando kwa koleo nyembamba mno.

Lakini kanga iliyonasa mwibani, ukiinasua, nyuzi hazinyooki siku ile ile. Nimeonyeshwa picha za mishipa yangu, zinazopigwa kwa mwanga bila kudungwa dawa ya rangi. Kabla ya operesheni mishipa ilivutwa kuelekea katikati, na ile nafasi ndogo isiyo na mishipa, ambayo ndiyo tunayosomea, ilibanwa. Sasa, mwezi wa tatu, imelegea kiasi. Haijawa kama ya jicho la pili, na daktari kanambia wazi huenda isiwe kamwe. Mistari imenyooka kidogo, nasoma. Kwangu hiyo ni kheri kubwa.

Kosa letu jingine ni tiketi. Twakata ya kwenda na kurudi, wiki moja, kana kwamba mgonjwa kaenda harusini! Mara nyingine daktari huacha gesi ndani ya jicho. Ikiwa ingalimo, ndege haipandwi: angani gesi hutanuka, presha ya jicho hupanda, na mtu aweza kupofuka. Muulizeni daktari kabla ya kukata tiketi, si mkiwa uwanja wa ndege.

Tena kwa sisi wazee, mtoto wa jicho huja upesi baada ya operesheni hii. Wangu ameshaanza, na najua mtasema daktari ndiye aliyemleta. Nitarudi Muscat inshallah mwezi ujao. Picha zote, za kabla na za baada, nimezitia kwenye flashi, daktari wa huko apate cha kulinganisha.