Vijisenti, pesa ya mboga na fomu iliyofungiwa kabatini: ubuyu wa vigogo ambao Bariadi haijaumaliza

Kila wiki mjini kuna ubuyu mpya wa kigogo. Mara kigogo wa Kanda ya Ziwa kamnunulia mrembo ndinga. Mara mheshimiwa mwenye jina linaloanzia na herufi fulani kaporomosha mjengo wa hatari, geti lake tu linatosha kujenga darasa. Watu wanabashiri herufi, wanacheka, wanatajiana majina pembeni, na Ijumaa ikifika ubuyu umeshapoa, mwingine uko jikoni.

Swali moja tu haliulizwi: huyo mheshimiwa analipwa shilingi ngapi kwa mwezi, na ule mshahara umezidishwa mara ngapi mpaka ukafika kwenye lile geti?

Haya, twende taratibu, maana Bariadi ndiyo sehemu ya mwisho Tanzania nzima inayotakiwa kukaa kimya kwenye hili. Bariadi ndiyo ilikuwa na mbunge aliyeipa nchi neno ambalo mpaka leo linatumika baa, kijiweni na kwenye vibao vya nyuma ya daladala. Neno lenyewe ni VIJISENTI.

Kwa mdogo ambaye 2008 alikuwa bado anavaa kaptula, kisa ni hiki. Andrew Chenge, mwanasheria aliyesoma mpaka Harvard, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005. Baadaye akawa mbunge wa Bariadi Magharibi na waziri. Aprili 2008 gazeti la Uingereza, The Guardian, likaandika kuwa wachunguzi wa huko waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada ya kampuni ya BAE wamekuta akaunti yake kisiwani Jersey yenye zaidi ya dola milioni 1. Kwa hela ya Bongo ya wakati ule, hiyo ni zaidi ya bilioni moja. Waandishi wa habari walipomuuliza, akaziita vijisenti. Siku chache baadaye akajiuzulu uwaziri wa Miundombinu.

Haki itendeke hapa. Alikana kabisa kwamba hela ile ilitokana na rada, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani kwa fedha hizo. Hilo liko wazi na lisipindishwe. Lakini kutokuwa na hatia mahakamani ni jambo moja, na mtumishi wa umma kueleza bilioni imetoka wapi ni jambo lingine. La kwanza ni kazi ya hakimu. La pili ni haki ya mwananchi anayemlipa mshahara.

Sasa tazama ufundi wa lugha. Kwa Kiswahili, ukitaka kitu kionekane kidogo unakipachika "kiji" au "viji" mbele. Mwana anakuwa kijana, mto unakuwa kijito, senti zinakuwa vijisenti. Kwa hiyo bilioni nzima ikasagwa kwa silabi mbili mpaka ikawa chenji ya kununulia karanga. Nani anaweza kumuuliza mtu kuhusu chenji ya karanga? Utaonekana una njaa.

Miaka sita mbele mchezo ukajirudia. Novemba 2014 Bunge likachachamaa na sakata la Akaunti ya Tegeta Escrow, zile fedha zilizotoka Benki Kuu kwenye mgogoro wa TANESCO na IPTL. Ripoti ya Kamati ya PAC ikaonyesha waliongiziwa mshiko na mfanyabiashara aliyekuwa mbia wa IPTL. Chenge yumo, bilioni 1.6. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo Waziri wa Ardhi, naye bilioni 1.6. Profesa alisema ule ulikuwa mchango kwa ajili ya shule, na Rais Kikwete alimwondoa kwenye uwaziri Desemba 2014. Baadaye, mbele ya Baraza la Maadili, akaeleza kuwa milioni 10 alizitoa kwa ajili ya mboga. Nchi ikapata neno la pili: PESA YA MBOGA.

Mboga ya milioni 10! Huku Simiyu mboga ni mlenda, ni dagaa wa Lamadi, ni mchicha wa kuchuma nyuma ya nyumba.

Kama bilioni 1.6 haiingii kichwani, ipimwe kwa kipimo cha nyumbani. Msimu wa 2019 bei dira ya pamba ilikuwa sh 1,200 kwa kilo. Bilioni 1.6 ni kilo milioni 1.3 na ushee. Mkulima wa Itilima au Meatu akivuna kilo 300 kwa ekari, anahitaji ekari zaidi ya 4,400. Apalilie kwa jembe, apige dawa, achume kwa vidole, abebe mpaka AMCOS, apimiwe. Na msimu huohuo wa 2019 wakulima walipeleka pamba, ikapimwa, ikabebwa, halafu wakakaa miezi wakisubiri malipo. Watoto wakarudi shule na kandambili. Mkulima huyo angeziitaje zile hela? Hana ujasiri wa kuziita vijisenti, kwa sababu anajua kila senti ilitoka kwenye mgongo wa nani.

Watetezi wanakuja na hoja zao, na zote ni zilezile.

Ya kwanza: "Ni wivu tu, mtu ana hela zake." Sawa. Mfanyabiashara wa dengu akinunua V8 kwa hela ya dengu, apigiwe makofi. Staa wa Bongo Fleva akitupa mamilioni klabu, jasho lake, ale bata. Lakini mtu aliyekula kiapo, anayetumia gari, nyumba na sahihi ya serikali, hana maisha binafsi ya namna hiyo. Sahihi yake ndiyo bidhaa. Akiwa na hela isiyolingana na mshahara, lazima ijulikane aliuza nini.

Ya pili: "Lakini ni mtu wetu, kasaidia watu." Hii ndiyo inayoiua Simiyu. Mheshimiwa anashuka msibani na bahasha, anachangia harusi, anawapa bodaboda mafuta, watu wanaimba. Bahasha ya laki mbili inazima swali la bilioni mbili. Baada ya vijisenti vya 2008, Bariadi ikampa Chenge ubunge tena 2010. Alijiuzulu uenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge baada ya Escrow, na alipoitwa na Baraza la Maadili mwanzoni mwa 2015 akaja na zuio la Mahakama Kuu. Oktoba mwaka huohuo Bariadi ikampa tena, na Bunge likamfanya mmoja wa wenyeviti wake. "Mzee wa Vijisenti" likageuka jina la sifa, watu wanaliita kwa tabasamu. Tusi la mkulima limekuwa jina la utani la mkubwa!

Ya tatu: "Wanasiasa wote wako hivyo." Uongo mwingine. Nchi hii iliwahi kuwa na miiko. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Uamuzi wa Zanzibar wa 1991 ndio uliofungua mlango, vigogo wakaingia kwenye biashara mchana kweupe. Kwa hiyo hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Ilipitishwa kikaoni, na kinachopitishwa kikaoni kinaweza kubadilishwa kikaoni.

Baada ya mlango kufunguliwa ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya 1995. Hapa ndipo penye utamu ambao wapenda ubuyu wengi hawaujui. Sheria hiyo inamtaka kiongozi ajaze fomu ya mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na anapoondoka. Siyo mali zake tu, ni pamoja na za mwenza wake na za watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Nyumba, mashamba, akaunti, hisa, vyote.

Kwa maneno mengine, ubuyu wote wa vigogo ambao vijana wanaubashiri kwa herufi UPO, umeandikwa kwa mkono wa vigogo wenyewe, na umewekewa sahihi. Uko Sekretarieti ya Maadili.

Tatizo ni kabati. Mwananchi haruhusiwi kuingia tu na kusoma. Masharti yanamtaka awe amepeleka lalamiko kwanza na Kamishna aridhike kwamba ni la kweli, ndipo afunguliwe. Yaani umshuku mtu kabla hujaona, ili uruhusiwe kuona kama unamshuku kwa haki. Ni sawa na mwenye duka kukuambia uthibitishe kwamba unga umeoza ndipo akufungulie mfuko.

Na hili nalo lisisahaulike. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba iliandika kabisa habari za viongozi na zawadi wanazopewa, na akaunti zao za benki nje ya nchi. Bunge Maalum la 2014 lilipokaa, mwenyekiti wa Kamati yake ya Uandishi alikuwa nani? Chenge. Katiba Inayopendekezwa iliyotoka pale haijapigiwa kura ya wananchi mpaka leo. Kabati juu ya kabati.

Wakati huohuo, fikiria ile rada. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu biashara ile, ikapigwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Ndiyo ile Wabongo waliyoibatiza "chenji ya rada". Ikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Tafakari maana yake: kwa miaka yote ile watoto walikuwa wanakaa chini, na dawati lao lilikuwa limejificha kwenye bei ya rada. Hela ya umma ikipotea haipotei hewani. Ina mtoto wake ilikomtoka, ana jina, yuko darasa la tatu Dutwa au Maswa, anaandika akiwa amelalia tumbo.

Ndiyo maana kamchezo haka ka "kigogo mmoja" kanatakiwa kukua. Kubashiri herufi kunawafurahisha wakubwa, kwa sababu hakuna ushahidi, hakuna tarehe, hakuna kiasi. Ubuyu usio na namba ni promo ya bure. Kigogo anasifiwa kwa ndinga, vijana wanatamani kuwa yeye, na Bariadi inazidi kulea kizazi kinachoamini uongozi ni njia ya mkato ya kutoka kimaisha. Wilaya ambayo mwanasiasa wake mwingine mashuhuri, John Cheyo, aliitwa Bwana Mapesa, inatakiwa iwe imejifunza kitu kuhusu hela na siasa.

Mheshimiwa akija tena mnadani kuomba kura, asiulizwe ataleta nini. Aulizwe anacho nini. Fomu yako ya mali ulijaza lini? Uko tayari kuibandika ubao wa matangazo wa halmashauri, mkulima aisome? Kama hela ni halali, ubao hauumi. Na kama ni vijisenti kweli, basi kuvihesabu mbele za watu haitachukua hata dakika tano.

Haya wadau wa Simiyu, funguka. Nani atakuwa wa kwanza kuibandika?