Pikipiki Zetu na Ulinzi Wake



Katika mikutano ya matawi limezungumzwa jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Wapo wenzetu wanaotaka chama kisimdhamini mwanachama yeyote kwa mkopo wa pikipiki ila kwanza atie king'ora cha rimoti. Wasema pikipiki zaibiwa, na fedha zinazopotea ni zetu sote. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyadharau. Pikipiki siku hizi ndiyo punda wetu: ndiyo iwapelekayo wachumaji shamba alfajiri, ndiyo ichukuayo magunia ya karafuu kavu hadi kituoni, na usiku ndiyo imkimbizayo mgonjwa hospitali. Mtu akiibiwa amepoteza jasho la msimu mzima. Lakini twaona kwamba shauri hilo, kama lilivyoletwa, litatutia katika hasara ya namna nyingine.

Yafaa kwanza tuvitambue vitu vyenyewe, kwa kuwa watu huvichanganya. Kuna ufunguo wa kawaida wenye chipu ndogo ndani ya kichwa chake. Huo hauna betri. Hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la ufunguo, na pikipiki isipoitambua chipu ile, injini haiwaki. Kuna ufunguo wa kukaa mfukoni, ambao pikipiki huutambua ukiwa karibu, na mwenyewe huzungusha kitasa tu. Huo una betri ndogo kama ya saa, aghalabu ile iliyoandikwa CR2032, yaani volti 3, upana milimita 20 na unene milimita 3.2. Tena kuna king'ora anachokitia fundi baada ya pikipiki kununuliwa, pamoja na rimoti yake. Hiki cha mwisho ndicho wenzetu wanachotaka kukilazimisha.

King'ora hakilali, nacho hula umeme wa betri ya pikipiki usiku na mchana. Tufanye hesabu. Betri ya pikipiki ndogo huwa na ampea-saa 5 hivi. King'ora kikinyonya miliampea 10 tu, kwa siku moja kitakula ampea-saa 0.24. Ni kama mtungi wenye tundu la sindano: kwa siku moja huoni kitu, lakini kwa siku 10 karibu nusu ya maji imekwenda, na kwa siku 20 mtungi ni mtupu. Kikinyonya miliampea 20, siku 10 zatosha kuumaliza. Anayeendesha kila siku haoni taabu, maana injini hurudisha kilicholiwa. Taabu humpata yule ambaye pikipiki yake imekaa.

Nasi yalitupata msimu uliopita. Mvua ilitukatalia, pikipiki ya kazi ikakaa bandani siku 16, king'ora kikiwa macho. Jua lilipotoka, wachumaji wakatungojea barabarani na magunia yao, nasi twabonyeza selfu haiitiki. Pikipiki yenyewe ni ya mkanda, haina kiki, wala haisukumwi ikawaka. Fundi alipotia mita yake aliona betri chini ya volti 12, hali iliyojaa huwa 12.6 au zaidi kidogo. Tukapoteza siku 2, na kila mkulima ajua maana yake: karafuu haimngoji mtu. Ikichanua imeshuka daraja, na hakuna rimoti ya kuirudisha. Mwizi hakuja, na hata hivyo tuliibiwa.

Tena betri ya risasi ikiachwa tupu mara kwa mara, vibao vyake vya ndani huota chumvi ngumu, isishike tena chaji kama zamani. Basi mwanachama aliyekopa kwa pikipiki atalazimika kukopa tena kwa betri.

Wako watakaosema, "Afadhali betri ife kuliko pikipiki yote ipotee." Neno hilo lina uzito, na tungelikubali kama king'ora kingekuwa mlinzi wa kweli. Lakini vingi vya bei rahisi vina rimoti inayotoa namba ile ile kila inapobonyezwa. Mtu mwenye chombo kidogo huweza kuinasa namba hiyo na kuitumia kama yake. Vilivyo bora hubadilisha namba kila mara. Tena sauti pekee haimzuii mtu: wezi wawili wenye nguvu huweza kuinyanyua pikipiki na kuipakia garini, nacho kikilia njia nzima. Minyoo ya mnazi haitishwi kwa kelele, sembuse mwizi. Kinachomshinda mwizi ni mnyororo mnene na kufuli imara, uliofungwa kwenye nguzo au mti, na usukani uliokazwa. Mnyororo hauli umeme.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mnyororo na kufuli viwe sharti la mkopo kwa kila mwanachama. King'ora kiwe hiari. Atakayekitia, achague chenye namba inayobadilika, na kabla ya kumlipa fundi, apimiwe mbele ya macho yake ni miliampea ngapi zinazoliwa pikipiki ikiwa imezimwa, na idadi hiyo iandikwe. Pikipiki itakayokaa zaidi ya juma moja iendeshwe kwa nusu saa, au betri ichomolewe, kwa kuanza na waya wa hasi, nayo ifungwe kwa mnyororo.

Wenye ufunguo wa kukaa mfukoni twawakumbusha mambo matatu. Wasiuache karibu na pikipiki, maana kwa chombo kile ukaribu wa ufunguo ni sawa na ruhusa ya mwenyewe. Wasiuweke juani penye jamvi la karafuu, wala juu ya televisheni, kwa kuwa joto na mawimbi ya vyombo hudhoofisha betri. Nao wabadilishe betri mara waonapo taa yake imefifia au mwitikio umechelewa, wasingoje ife shambani. Ufunguo wa akiba, na kibandiko cha namba kama kipo, vikae nyumbani mbali na pikipiki, na namba iandikwe katika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Liko na moja lililo kubwa kuliko pikipiki zote. Betri ile ndogo, mpya au kuukuu, ni hatari kwa watoto. Mtoto akiimeza ikamkwama kooni, huunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, na wengine wamekufa kwa hilo. Msiitupe uani wala msiiache juu ya meza. Mtoto akishukiwa kuimeza, apelekwe hospitali saa ile ile, bila kungoja dalili.

Ndugu zetu walioleta shauri la king'ora walikusudia kheri, nasi twawashukuru kwa kutuamsha. Mkutano mkuu ndio wenye neno la mwisho. Twaomba tu kwamba kabla ya kunyoosha mkono, kila mwanachama ajiulize: msimu ukifika, mvua ikikatika na jua likitoka, pikipiki yangu itawaka?