Helikopta ya Kuazima Hailindi Uhuru

Wako watu miongoni mwetu ambao mpaka leo huzisifu helikopta za manowari za Waingereza kana kwamba ndizo zilizotuletea Uhuru. Husema: "Mwaka 1964 nani angetuokoa kama si wao?" Watu hao tunawajibu, na tunawajibu kwa historia.

Tarehe 6 Novemba, 1956, helikopta za Whirlwind na Sycamore ziliruka kutoka manowari mbili, Ocean na Theseus, zikawashusha makomando wa kikosi cha 45 mjini Port Said. Askari zaidi ya 400 walifika nchi kavu katika muda wa saa moja na nusu hivi. Kosa la Wamisri lilikuwa nini? Ni kuutwaa Mfereji wa Suez uliomo katika ardhi yao wenyewe! Tangu siku ile bahari haikuwa ukuta tena. Beberu hakuhitaji bandari wala gati; alilivuka fungu kwa juu.

Ikapita miaka saba. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali yetu ikaomba msaada. Alfajiri ya tarehe 25, helikopta, zikiwamo za Wessex, ziliruka kutoka manowari Centaur iliyotoka Aden, zikashusha makomando Colito. Kikosi gani? Kile kile cha 45! Mkono uliompiga Mmisri ndio uliotushika sisi mkono.

Hatusemi Serikali ilikosa kuomba. Nyumba ikiungua huulizi ndoo ni ya nani. Lakini moto ukizimika, jiulize kwa nini wewe huna ndoo. Mwalimu Nyerere alijiuliza. Hakuona fahari, aliona aibu ya taifa. Februari ile ile aliwakutanisha mawaziri wa Afrika Dar es Salaam. Baadaye wakaja askari wa Nigeria kushika zamu. Na tarehe 1 Septemba, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Wasifuji watasema hayo yamepita. Ni kweli, Wessex ziliacha kazi katika jeshi la wanamaji la Uingereza mwaka 1988, Lynx mwaka 2017, Sea King mwaka 2018. Lakini kila iliyozeeka ilirithiwa: leo manowari zao hubeba Merlin na Wildcat. Mwaka 1956 helikopta zilikwenda kupiga, mwaka 1964 zilikwenda kusaidia. Mara zote mbili amri ya kuruka ilitoka London. Mwenye meli ndiye mwenye neno.

Wahenga walisema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Wananchi, tulipe kodi, tuwafunze vijana wetu, tulinde pwani yetu wenyewe. Anayetaka kulindwa na jirani asishangae jirani akiingia bila hodi.

Uhuru na Kazi!