Tuacheni Kuuita Ukimya Upendo

Kuna imani iliyoota mizizi makanisani mwetu, na inahubiriwa kwa nia njema kabisa: kwamba Mkristo anayetaja dhuluma anawagawa watu. Ukiuliza kwa nini kamati ya ujenzi imejaa watu wa kabila moja, unaambiwa usilete ukabila kanisani. Ukitaja mashamba yaliyoporwa, unaambiwa usifukue makaburi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kisha tunasimama, tunashikana mikono, tunafunga kwa sala. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo. Haina msingi katika Maandiko, na katika nchi zetu za Maziwa Makuu imeua watu.

Tuanze na Maandiko, maana ndiyo ngao ya wanaotunyamazisha. Kanisa la Yerusalemu, lile tunalolisifu kwa kuwa na moyo mmoja, lilipata mgogoro mapema sana. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba waumini wenye kusema Kiyunani walinung'unika, kwa kuwa wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku. Kwa desturi yetu ya leo, wajane wale wangeambiwa wavumilie, waepuke kuleta mafarakano, wawaombee viongozi. Lakini mitume waliita mkutano wa waumini wote, na likachaguliwa kundi la watu saba kusimamia mgao. Ukiyasoma majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kiyunani. Upande uliokuwa ukilia ndio uliokabidhiwa chakula. Hakuna hotuba ya upendo katika habari hiyo, na ndiyo maana naipenda: ni habari ya nani anakula na nani anagawa. Na Petro alipoanza kujitenga mezani na Wakristo wasio Wayahudi kule Antiokia, Paulo alimkabili mbele ya watu wote. Hakusubiri wawe faraghani.

Sasa tutazame Rwanda. Kwa sensa ya mwaka 1991, karibu watu 9 kati ya 10 nchini humo walikuwa Wakristo. Ibada za pamoja hazikukosekana. Mhutu na Mtutsi walikaa benchi moja na kupokea komunyo kwa padri mmoja. Lakini vitambulisho vilivyotaja kabila, urithi wa Wabelgiji tangu miaka ya 1930, na nafasi za shule na kazi zilizopimwa kwa kabila, vilikuwa mambo ambayo ni wachache sana waliothubutu kuyaita dhambi kutoka madhabahuni. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, aliketi kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Aprili 1994 Watutsi zaidi ya elfu moja walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa nchi, wakiamini hakuna atakayewagusa humo. Liliangushwa juu yao kwa tingatinga. Padri aliyekuwa akisimamia parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha.

Basi asiniambie mtu kwamba kusali pamoja kunatosha.

Nenda jirani, Burundi, kwenye seminari ya Buta, kusini mwa nchi. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi wenye silaha waliingia katika bweni la vijana na kuwaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakaamriwa tena, wakakataa. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, wakafa 40, Wahutu na Watutsi, wengine wakiwa wameshikana. Kila mwaka tunawakumbuka kwa machozi, tukiwataja kama watoto wa amani, na hapo ndipo tunapowadhulumu. Tunawafanya waonekane kana kwamba umoja uliwashukia alfajiri ile kutoka juu. Haikuwa hivyo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwaka 1993, na nchi kugawanyika vipande, gambera wao, Padri Zacharie Bukuru, hakuwakataza kuzungumzia kabila. Aliwaacha waseme. Waliketi katika mazungumzo ya wazi, Mhutu akisikia hofu ya Mtutsi na Mtutsi akisikia kilio cha Mhutu, katika nchi ambayo kila upande ulikuwa na wafu wake wa kuhesabu. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka, na nina hakika ilikuwa chungu. Seminari ambayo ingechagua utulivu wa juujuu ingekuwa na vijana wapole sana, na alfajiri ile ingewakuta hawajuani.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Kenya. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa dogo la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Wako wanaouliza: si bora wangenyamaza tu? Jibu langu ni kwamba wachungaji waliokosea mwaka ule hawakuwa wakiwatetea walioonewa. Walikuwa wakimtetea mgombea wa kabila lao, na huo ni ukimya wa aina nyingine, kwa sababu dhuluma za upande wao hawakuzigusa.

Kenya hiyohiyo ilikuwa na mfano bora. Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Nakuru, alikuwa Mkamba. Waliofukuzwa mashambani Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walikuwa Wakikuyu, na aliwatetea bila kumumunya maneno. Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret, alikuwa Mnandi, na alimkosoa Rais Moi, Mkalenjin mwenzake, pamoja na wanyakuzi wa ardhi. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya asikanyage Busia. Alikwenda, na siku hiyohiyo akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Hao ndio ninaowaita watu wa umoja, kwa sababu kila mmoja alibeba mzigo ambao kabila lake halikumtuma kuubeba.

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027. Mikutano ya sala ya kuombea amani itaitishwa wiki chache kabla, yenye mahema makubwa na viti vya mbele vya wanasiasa. Mimi naomba kitu kingine, na naomba kianze sasa. Bonde la Ufa lina parokia ambamo waumini hupeana amani kila Jumapili huku wakijua fika shamba la nani liko mikononi mwa nani, na nyumba ya nani ilichomwa na mtoto wa nani. Waketishwe chini, wasemezane, na hati zikiwepo ziletwe mezani. Askofu awepo tangu siku ya kwanza, asikilize mpaka wa mwisho amalize kusema, hata kama Kwaresima nzima itakwisha kwa hilo moja.